Karakana ya Nyumbani: Kipuri kilicholika hakitunzi kipimo chake

Barua za mwezi huu zimetoka pande nyingi za Ziwa Viktoria, na karibu zote zinahusu jambo moja: kipuri kimekufa, dukani hakipo au bei yake haishikiki, na mwenye mashine ndogo ya kukereza nyumbani, ile inayozungusha chuma huku kisu kikikichonga, anataka kukitengeneza mwenyewe. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Barua ndefu nimezifupisha bila kugusa maana.

Bushi ya nailoni imeibana shafti ya boti

*Shikamoo fundi. Naendesha boti hapa Nansio, Ukerewe. Ni boti ya mbao yenye injini ya dizeli iliyofungwa ndani, na shafti ya propela, ambayo unene wake ni milimita 30, inapita katika bushi, ile pete nene inayoishikilia. Bushi ya zamani ililika, nikachonga nyingine ya nailoni kwenye mashine yangu. Tundu lake nililiacha dogo kwa makusudi ili shafti isicheze. Mezani ilizunguka vizuri kwa mkono. Siku ya tatu majini shafti ikawa nzito, injini ikatoa moshi mweusi, na tulipoivuta boti ufukweni tukakuta bushi imeishika shafti kama koleo. Nilikosea wapi?*

Marahaba. Mkono wako haukukosea katika kukereza. Kosa ni kuamini kwamba nailoni itabaki na kipimo kile ulichokiacha mezani. Nailoni hunywa maji, na ikinywa huvimba. Kama ingekuwa huru ingevimba kuelekea nje, lakini wewe umeipachika ndani ya bomba la chuma ambalo halisogei, kwa hiyo uvimbe wote unaelekea ndani, yaani kwenye shafti. Ongeza hapo kwamba bushi yoyote inayoingizwa kwa kusukumwa kwa nguvu hupungua tundu lake kwa sababu imebanwa kutoka nje, na kwamba shafti ikianza kusugua huzalisha joto, na nailoni hutanuka kwa joto kuliko chuma. Mambo matatu yamekutana mahali pamoja, na nafasi uliyoiacha haikutosha hata moja kati yake.

Fanya hivi. Kereza bushi mpya ikiwa bado na nyama ya ziada ya milimita 2 hivi ndani na nje, kisha ilaze katika ndoo ya maji kwa siku kadhaa. Maji ya moto huharakisha. Ikishashiba, ipanguse, iache ipoe kabisa, uirudishe kwenye mashine na kuimaliza. Tundu na uso wa nje uvimalize bila kuitoa bushi kwenye taya za chaki, kichwa cha mashine kinachoshika kazi, kwa maana ukiitoa na kuifunga upya, duara la ndani na la nje hayatakuwa na kitovu kimoja, nawe utaishia kumlaumu fundi wa injini kwa mtikisiko ulioutengeneza mwenyewe. Kisu kiwe kikali sana. Nailoni hutoa uzi mrefu unaojiviringisha kwenye chaki, na uzi huo usiuvute kamwe kwa mkono mashine ikiwa inazunguka, hata kama unaonekana laini kama wa nyavu.

Kwa shafti ya milimita 30 inayolainishwa na maji ya ziwa, mimi huacha nafasi ya milimita 0.2 hadi 0.3, nikipima baada ya bushi kuingia mahali pake. Utaona kama inacheza. Iache icheze. Chonga pia mifereji minne au sita inayokwenda kwa urefu wa bushi, yenye kitako cha mviringo, ili maji yapite na kuufagia mchanga, maana boti inayoegeshwa ufukweni kila siku hunyonya mchanga bila wewe kuuona.

Ukichagua shaba iliyochanganywa na bati, hesabu ni nyingine. Shaba hainywi maji, na ikipata grisi nafasi ya kiasi cha moja ya elfu ya unene wa shafti inatosha: kwa shafti yako ni milimita 0.03, na isizidi sana 0.06. Hapo venia, rula yenye taya za kupimia, haitoshi; tafuta maikromita, kipimo kinachosoma sehemu za mia za milimita.

Kuna jambo ambalo hukulisema katika barua yako, nami naliona kuwa kubwa kuliko nailoni yenyewe. Je, uliipima shafti? Bushi hailiki peke yake. Pima shafti mahali inapozungukia, katika sehemu tatu na kwa pande mbili, kisha pima mahali ambapo haijawahi kuguswa na bushi, kwa mfano chini ya kiungo kinachoiunganisha na gia. Pale palipofunikwa ndipo panapotunza kipimo cha kiwandani. Ikiwa tofauti inafika milimita 0.3, na kwa kucha unahisi kijifereji, bushi mpya haitakusaidia. Shafti yenyewe ndiyo ya kubadilishwa.

Somo hili nilifundishwa nikiwa kijana katika kiwanda cha kuchambua pamba. Nilitumwa kuchonga bushi, nikapima tundu la ile ya zamani, nikapata milimita 38.6, nikachonga hivyo hivyo kwa uangalifu mkubwa, na mashine ilipowashwa ilipiga kelele kama ilivyokuwa jana yake. Mzee aliyekuwa akitufundisha hakusema neno. Alivua puli, akanipa maikromita na kunionyesha ncha ya shafti iliyokuwa imefichwa chini yake. Ilisoma 38.1. Hiyo ni inchi moja na nusu kamili, kipimo alichokusudia mtengenezaji. Nilikuwa nimenakili ugonjwa badala ya kunakili kipuri. Tangu siku ile, nikiletewa kitu kilicholika, huuliza kwanza kilikokuwa kikikaa, na ikiwezekana huenda mwenyewe kupima huko.

Bolti inaingia mizunguko mitatu, kisha inagoma

*Ndugu mwandishi, baba yangu aliniachia kinu cha kukoboa mpunga kilichotengenezwa Uingereza. Bolti moja ya kukaza kifuniko imekatika. Nilijaribu bolti ya milimita 12, ikacheza. Nikajaribu ya nusu inchi, ikaingia mizunguko mitatu ikagoma, na sitaki kuilazimisha. Nina mashine ya kukereza ya kizamani ambayo skrubu yake ndefu ni ya inchi. Naweza kuitengeneza? — Msomaji wa Magu*

Umefanya vyema kutoilazimisha. Ungeharibu hesi za kinu chenyewe, yale meno yanayozunguka ndani ya tundu la bolti, na hizo ni ghali kuliko bolti mia.

Kinu cha zamani cha Uingereza karibu kila mara kina hesi za Whitworth, mfumo uliopendekezwa na Joseph Whitworth mwaka 1841, ambao pembe ya jino lake ni nyuzi 55. Bolti za inchi za mfumo wa Marekani zina pembe ya nyuzi 60, sawa na za milimita. Sasa sikiliza ajabu yenyewe: katika vipimo vingi vya kawaida, kama robo inchi, tatu kwa nane na tatu kwa nne, Whitworth na ule mfumo wa Marekani wa hesi pana vina idadi sawa ya meno katika kila inchi, kwa hiyo bolti huingia na mtu haoni tofauti. Nusu inchi ndiyo inayowatenganisha. Whitworth ina meno 12 kwa inchi, ile nyingine ina 13. Ndiyo maana bolti yako imekwenda mizunguko mitatu kwa amani. Katika mizunguko michache kosa ni dogo, likikusanyika meno yanapandana.

Hakikisha kabla ya kuniamini. Chukua kipande cha bolti iliyokatika, ukisafishe kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, uweke rula juu yake na kuhesabu vilele ndani ya inchi moja. Ikiwa kipande ni kifupi, hesabu ndani ya nusu inchi: ukipata 6 kamili, jibu umelipata.

Kwa mashine yako kazi hii ni nyepesi, kwa sababu skrubu ndefu, ile inayokivuta kisu wakati wa kukata hesi, ikiwa ya inchi hukata hesi za inchi kwa gia zake za kawaida. Kereza fito hadi milimita 12.7, noa kisu kwa pembe ya nyuzi 55 ukilinganisha na kipimo cha bati, na pitisha mkato wa kwanza mwepesi kama mkwaruzo tu. Simamisha mashine. Hesabu mikwaruzo kwa rula. Ni hapa, kabla chuma hakijaliwa, ndipo gia iliyopangwa vibaya hugunduliwa bila hasara. Kina cha jino kitafika takriban milimita 1.36 kwa upande, lakini mwamuzi wa mwisho ni nati, siyo namba. Tafuta nati ya zamani kutoka kwenye kinu hicho hicho na uijaribishe kila unapokaribia. Kama chaki yako ni ile inayofungwa kwa kuzungushwa kwenye hesi za spindo, yaani mhimili wa mashine unaozunguka, irudishe mashine nyuma polepole na kisu kikiwa kimeondolewa, kwa maana ukiigeuza kwa ghafla chaki inaweza kufunguka na kuanguka.

Siku utakapohitaji kukata hesi za milimita kwenye mashine hiyo, utahitaji gia ya meno 127. Inchi ni milimita 25.4, na inchi tano ni milimita 127 kamili. Hakuna namba nzima ndogo kuliko hiyo inayokutanisha mifumo hii miwili bila baki. Na ukiwa unakata hivyo, ile nati iliyogawanyika inayoishika skrubu ndefu usiifungue mpaka kazi iishe. Ukiifungua, mkato unaofuata hautarudi katika njia yake.

Mota ya njia tatu, nyumba ya njia moja

*Habari za kazi. Nimenunua mashine ya kukereza ya mtumba, mota yake ni ya umeme wa njia tatu, kilowati 1.5, na nyumbani kwangu Buzuruga nina njia moja tu. Nibadilishe mota? — Kijana wa Mwanza*

Soma kwanza kibao cha mota. Kikiandika volti 230/400, basi mota hiyo inaweza kufungwa kwa mtindo wa pembetatu na kuendeshwa na inveta inayopokea volti 230 za njia moja na kutoa njia tatu. Kikiandika 400/690, inveta ya namna hiyo haitaifaa. Kazi ya kubadili vipande vya shaba ndani ya kisanduku cha mota, pamoja na waya wa ardhi, mpe fundi umeme mwenye leseni. Inveta itakupa pia uwezo wa kupunguza kasi kwa kitufe, ila usiutumie kama mbadala wa mikanda: mota ikizunguka polepole feni yake haiipozi, na nguvu inayofika kwenye kisu hupungua. Kazi nzito hamishia mkanda kwenye puli ya mwendo mdogo.

Shafti ya karasha inakatika mahali pale pale

*Shikamoo. Mimi ni mama, nina karasha la kusaga mawe ya dhahabu upande wa Geita. Shafti ya milimita 40 imekatika mara tatu mwaka huu, na kila mara ni pale inapopungua unene ili kuingia kwenye beringi. Mara ya mwisho fundi aliichomelea na kuikereza tena, haikumaliza hata wiki tatu. Mwanangu amejifunza kukereza chuoni na ana mashine nyumbani. Nimnunulie chuma cha aina gani?*

Marahaba mama, na pole kwa hasara. Nitakujibu wewe na kijana wako kwa pamoja, na kabla ya kuzungumzia aina ya chuma nawaomba mkiokote kile kipande kilichokatika, mkisafishe na kukitazama kwenye jua.

Uso wa chuma kilichokatika husimulia. Mkiona sehemu kubwa iliyo laini, yenye mistari ya kupinda inayofuatana kama ile inayoachwa na mawimbi kwenye mchanga wa ufukwe, na pembeni yake sehemu ndogo iliyokwaruza na kung'aa kama sukari, basi shafti haikuvunjika siku ile ilipokatika. Ilianza ufa mdogo kwenye ngozi yake siku nyingi nyuma, na kila mzunguko uliupinda na kuukunjua ufa huo, ukatembea kidogo kidogo, mpaka chuma kilichobaki kikashindwa kubeba mkanda kwa mara moja. Huo ndio uchovu wa chuma. Sehemu laini ni safari ya ufa. Sehemu ya sukari ni dakika ya mwisho.

Sasa mtazame ule ufa ulianzia wapi. Kwa maelezo yako, ulianzia kwenye kona, pale milimita 40 inaposhuka na kuwa ndogo. Nina karibu hakika kwamba kona hiyo imekatwa kali kama ya kisanduku, kwa sababu kisu chenye ncha kali ndicho mafundi wengi huwa wamekifunga tayari. Kona kali hukusanya nguvu zote mahali pamoja. Kijana anoe kisu chenye ncha ya mviringo na kuacha pindo la milimita 2 au 3 katika kona hiyo, alisugue kwa msasa mpaka lisionekane mkwaruzo wowote unaozunguka shafti. Atagundua kwamba beringi sasa haikai sawa, kwa kuwa pindo linagusa ukingo wake. Asilikate pindo. Achonge pete nyembamba ya kuweka kati, yenye ukingo wa ndani uliokatwa mshazari ili ulipishe pindo, na beringi iegemee pete hiyo.

Kuhusu kuchomelea: joto la kuchomelea hubadilisha chuma kando ya mshono, mahali pengine pakawa pagumu na pakavu kama kigae, na ufa hupenda kuanzia hapo. Kwa shafti inayobeba mapigo ya mawe sikubaliani nako hata kidogo, na wiki zako tatu ni ushahidi.

Kama kasha la karasha lina nafasi, ongezeni unene. Nguvu ya shafti dhidi ya kupindwa hukua kwa mchemraba wa kipenyo chake, kwa hiyo kutoka milimita 40 kwenda 45, ongezeko ambalo macho hayalioni, kunaongeza nguvu kwa asilimia 42 hivi. Chuma chenyewe kiwe kile chenye kaboni ya wastani, karibu asilimia 0.45, kinachouzwa kama chuma cha shafti. Msitumie nondo ya kujengea. Haikutengenezwa kwa kazi ya kuzunguka. Ekseli ya ndani ya lori, inayopatikana kwa wauza chuma chakavu, ni chuma kizuri sana, lakini ngozi yake kwa kawaida imetiwa ugumu na itakula kisu cha hai-spidi, yaani cha chuma cha kawaida cha visu. Mtumie kisu cha kabaidi, kilicho kigumu zaidi. Nayo ikaguliwe kwanza, kwani ekseli iliyochoka katika lori haitapata ujana katika karasha.

Kwa mwendo, kijana akumbuke hesabu aliyofundishwa: mita za mkato kwa dakika zidishe kwa 1000, gawanya kwa 3.14 mara kipenyo. Kwa kisu cha hai-spidi na chuma laini, mita 25 kwa kipenyo cha 45 zinatoa mizunguko 177 hivi kwa dakika. Chuma cha shafti kikiwa kigumu kidogo ashuke hadi mita 15, yaani mizunguko kama 106. Wengi wanaokereza nyumbani hukimbiza mashine, kisha hulalamika kwamba visu vya siku hizi havidumu.

Neno moja zaidi, mama. Mkague kama puli mbili zinatazamana sawasawa na kama mkanda haukukazwa kupita kiasi. Mkanda uliokazwa sana unaipinda shafti mchana kutwa hata kabla jiwe la kwanza halijaingia.

Nimeombwa kuchonga kipuri cha usukani

*Fundi, nina karakana ndogo nyumbani, Pasiansi. Dereva wa daladala ameniomba nimchongee pini ya kiungo cha usukani kwa kuwa spea yake ni ghali. Kipimo ninacho, chuma ninacho, naweza. Nisaidie kimawazo kabla hajarudi Jumamosi.*

Usichonge. Pini ya kiwandani hufuliwa kwa nyundo kubwa ili chembe za chuma zifuate umbo lake, kisha hutiwa ugumu kwa nje na kuachwa na ustahimilivu ndani, na kiwanda huzipima baadhi kwa kuzivunja. Wewe utakuwa na pini yenye kipimo sahihi kwa maikromita, ambayo hakuna njia karakanani kwako ya kujua kama itastahimili shimo la barabarani ikiwa na abiria nyuma yake. Vivyo hivyo vipuri vya breki, ndoano za kunyanyulia mizigo, na bolti zinazoshika magurudumu. Naijua hali ya dereva, na najua Jumamosi atakuja na maneno ya kukuomba sana. Mwambie bei ya spea anailipa mara moja. Kisha mwulize kama puli ya feni, bushi ya kiti au pete ya kutenganisha beringi za alternata inamsumbua. Hizo mchongee, tena kwa bei nzuri, ili aondoke akijua kwamba hukumkatalia yeye.